Ukishika Maiki, Jua Unamwimbia Nani

Wadogo zangu wa Kalangalala, na nyie wa Nyankumbu na Mbugani mnaolalamika kwamba Dada anawajibu wa mjini kati tu, sogeeni. Leo hatuongelei waume wala marejesho ya kikoba. Tunaongelea nyimbo, kwa sababu ujumbe wenu wa nyimbo umenijazia simu, na mwingi hauhusu muziki hata kidogo. Unahusu ugomvi.

Naanza na mama mwenye duka la vitenge, maana kidonda chake bado kibichi. Alialikwa kwenye sendofu ya binti wa jirani. DJ akapiga taarabu. Mama mmoja akainuka na noti za elfu mbilimbili, akacheza taratibu, akapita meza zote mpaka mbele ya huyu mdogo wangu, akasimama. Akangoja. Ubeti wa mtu anayeringia vya kuazima ulipofika, akanyanyua noti juu, akamgeukia bibi harusi kumtunza, lakini macho ameyaacha kwa mwenye duka. Vigelegele ukumbi mzima. Mdogo wangu akabeba pochi yake akaondoka kabla ya pilau. Anauliza: "Dada, nilijishtukia tu, au nilipigwa kijembe kweli?"

Ulipigwa, mwaya. Hukujishtukia. Kosa lako ni kuondoka.

Ngoja nikueleze mchezo ulivyo, maana sisi wa kanda ya ziwa tumeupokea kutoka pwani tukiwa tumeshika nusu tu ya kanuni zake. Mtafiti mmoja wa Marekani, Kelly Askew, aliishi na watu wa taarabu Tanga miaka ya 1990, hata akapanda nao jukwaani, kisha mwaka 2002 akatoa kitabu kinaitwa Performing the Nation. Humo ameeleza kwa kirefu jambo ambalo bibi zetu wa pwani hawakuhitaji kitabu kulijua: kutunza ni kusema. Mwanamke anasubiri mstari anaoutaka, anainuka mstari huo huo, anapita anapotaka kupita, anatoa pesa. Maneno ni ya mtunzi, sauti ni ya mwimbaji, yeye kachangia miguu tu. Ukimfuata kesho yake anakwambia, "Mimi nimeupenda wimbo, shosti, kwani wewe umesikia nini?" Hapo huna kesi. Ukikasirika, umekubali kwamba shati limekutosha.

Kwa hiyo siku nyingine ukipitiwa na noti namna ile, cheka. Piga kigelegele kuliko wote. Ukiweza, inuka na wewe utoe elfu moja yako ubeti unaofuata, umtunze bibi harusi, umkumbatie na huyo mama mbele za watu. Hakuna dawa nyingine ninayoijua. Na hesabu ya vitenge vya mkopo ukaifunge kimyakimya, kwa sababu mimi na wewe tunajua kijembe hakikutoka hewani.

Ila nisiwaache mkidhani nyimbo za wanawake zilianza kwa kuchambana. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo uliotoka utumwani, akauza vyungu kabla ya kuuza sauti. Mwaka 1928 alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri, na ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa. Kati ya nyimbo zake upo wa Kijiti. Huo ulisimulia kesi ya kweli: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja, mtuhumiwa akatorokea bara, na mahakamani walioishia kufungwa ni wanawake wawili waliokwenda kutoa ushahidi. Fikirieni hilo. Hakimu kasema lake, na mwanamke mwenye kipaji anaweka kesi nzima kwenye wimbo ili watu waijue, waiimbe, waikumbuke. Shaaban Robert mwenyewe aliona maisha ya mama huyu yanafaa kitabu, akayaandika.

Baadaye mashindano yakakolea. Unguja kulikuwa na vikundi vya wanawake, Nuru el-Uyun na Sahib el-Ari, vikijibizana kwa mashairi na kwa sare. Miaka ya 1990 Dar es Salaam ikagawanyika: huku Khadija Kopa na kundi la TOT, huku Nasma Khamis, yule wa Kidogo, na kundi la Muungano. Mliokuwa wakubwa wakati huo mnakumbuka watu walivyokuwa wakichagua upande. Na sisi Wasukuma tusijifanye hatukuwa na yetu. Bagika na Bagalu wanashindana tangu karne ya 19: makundi mawili yanacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye kashinda. Nendeni Bujora pale Kisesa msimu wa Bulabo mwezi Juni, mtaona mwimbaji wa Kisukuma anavyomshusha mwenzake kwa maneno. Lakini hapo wanaoshindana wamekubaliana kushindana. Mama wa sendofu hakumuuliza mwenzake kama yuko tayari.

Sasa twende kwa huyu wa pili, ambaye wifi yake anaolewa na amepangiwa kuimba wimbo mmoja kwenye kichen pati. "Dada, nina sauti, ila sijui niimbe wimbo gani usioleta maneno."

Jibu lake linategemea ukumbi, na ukumbi wa Geita si wa kabila moja. Tangu mgodi wa GGM uanze kutoa dhahabu mwaka 2000, mji huu umepokea watu wa kila upande. Meza hii wametoka Muleba, ile Tarime, ile Kasulu, wenyeji wa Sengerema na Kahama wamebanana nyuma kabisa. Ukitaka wote wainuke kwa mpigo mmoja, chukua Saida Karoli. Maria Salome imetoka mwaka 2001, imeimbwa kwa Kihaya na binti wa kijijini Bukoba mwenye ngoma yake, na mpaka leo ikipigwa, wasiojua neno moja la Kihaya ndio wa kwanza kufika katikati. Hata watoto wanaoijua kupitia Salome ya Diamond na Rayvanny ya mwaka 2016 watakufuata. Huna haja ya sauti kubwa. Unahitaji kiuno na mtu wa kuitikia.

Ukitaka wimbo wa kusimama peke yako, wa kusikilizwa, mimi nakupeleka kwa Lady Jaydee. Na siyo kwa sababu amezaliwa Shinyanga na sisi wa huku tunajidai naye, ingawa tunajidai. Nakupeleka kwake kwa sababu ya mahali sauti yake ilipokaa. Lady Jaydee, yaani Judith Wambura, haimbi kule juu kabisa ambako wengi wetu tukifika tunabaki tunapiga kelele. Anakaa katikati, anatamka kila neno likasikika, ndiyo maana wanawake wa rika langu wanaweza kuimba Siku Hazigandi mwanzo mpaka mwisho bila kukohoa. Zuchu na Nandy ni watamu, nawapenda, lakini jaribu kuwafuata kwenye ngazi zao ukiwa umevaa gauni la kubana na umekula wali. Utaniambia.

Ila angalia wimbo wenyewe unasema nini. Usije ukachukua Yahaya, wa mwaka 2013, eti kwa kuwa unaupenda. Ule ni wimbo wa mwanaume ambaye haijulikani anakaa wapi wala anafanya kazi gani. Sasa wifi yako anaolewa na kijana ambaye akiulizwa kazi anasema "nipo kwenye dhahabu", na hakuna aliyewahi kuliona duara lake la kuchimbia. Ukishika maiki ukaimba Yahaya mbele ya mama mkwe, hakuna atakayeamini kwamba hukukusudia. Vivyo hivyo nyimbo za kuachwa, nyimbo za kumcheka mke mwenza, nyimbo za kumuaga mtu. Zote nzuri, zote zina siku zake.

Halafu mazoezi. Nasema hivi kwa sababu mnapanda jukwaani na wimbo mnaoujua kwa kuusikia saluni tu. Kuusikia na kuuimba ni kazi mbili. Nenda kibanda cha kuingizia nyimbo, mwambie akuwekee wimbo wenyewe na biti yake tupu kwenye flashi. Uimbe na biti tupu ukiwa unaosha vyombo. Utagundua ubeti wa pili huujui, wote huwa hatuujui. Ukiona sehemu ya juu inakushinda, mwambie DJ ashushe kii kidogo. Siku hizi hata programu za bure za simu zinashusha, na hiyo siyo aibu.

Mashine ya karaoke yenyewe imeanza na jambo hilo hilo. Kule Kobe, Japani, kulikuwa na mpiga kinanda wa baa anaitwa Daisuke Inoue. Alikuwa na mteja, bosi wa kampuni ndogo, asiyejua kuimba ila anapenda kuimba, na Inoue alikuwa anajua kumfuata kwa kii na mwendo anaouweza. Siku mteja anasafiri na wageni wake akamtaka waende wote. Inoue hakuweza kwenda, akamrekodia kanda ya muziki mtupu kwa kipimo cha sauti yake. Kutokana na hapo, mwaka 1971, akatengeneza mashine za kutumbukiza sarafu, akazikodisha kwenye mabaa. Hakuiandikisha kama mali yake, kwa hiyo waliotajirika ni wengine. Hilo la mwisho nitalirudia nikifika kwa yule anayetaka kwenda studio.

Mmoja ameniandikia kwa hasira: mume amemkataza kwenda usiku wa karaoke na wenzake wa kazini, kisa ni baa. Anataka nimwambie mume amepitwa na wakati.

Sitamwambia. Nitawaambia wanawake wa Japani walifanyaje. Karaoke ya mwanzo ilikuwa ya baa na ya wanaume waliotoka kazini, kama ilivyo yetu. Katikati ya miaka ya 1980, mkoa wa Okayama, mtu mmoja akachukua kontena la mizigo akaligeuza chumba cha kuimbia, mnakodi kwa saa, mnafunga mlango, mnaimba wenyewe. Hapo ndipo wanafunzi, akina mama na familia walipoingia kwa wingi, kwa sababu hakuna mlevi wa meza ya jirani anayekutolea macho wala anayekunyang'anya maiki. Geita makontena tumeyajaza kwa vinyozi na wakala wa pesa. Mwenye mtaji na asome hapo mara mbili.

Kwa sasa, mdogo wangu, unayo sabufa nyumbani. Waite wenzako Jumapili mchana, kila mtu aje na soda yake, muimbe mpaka saa kumi na mbili jioni, mume akiwepo ama asiwepo. Akiwasikia mnavyoimba ataelewa kwamba ulikuwa unafuata nyimbo na si baa. Na kama kweli ulikuwa unafuata baa, hilo ni swali jingine na hukuniuliza. Na mkichelewa mpaka usiku, msifungulie sauti kubwa, kuna majirani wanaoingia shifti ya alfajiri.

Kuna mama ambaye binti yake wa kidato cha pili ameacha nyimbo za kwetu, kutwa anaimba Kijapani mbele ya simu. Mama anaogopa, anauliza kama ni mambo ya mashetani. Hapana, mama. Ni mambo ya TikTok. Nimeuliza wimbo wenyewe, ni wa Miki Matsubara, umetoka mwaka 1979. Umekaa zaidi ya miaka 40, ghafla mwishoni mwa 2020 ukaenea kwenye simu za dunia nzima. Mabinti wakawa wanawapigia mama zao wa Kijapani huku wanawarekodi, na akina mama wakasikia mlio wa kwanza tu wakashika midomo, wakaanza kuimba pamoja nao, kwa sababu ni wimbo wa usichana wao. Matsubara mwenyewe hakuliona hilo. Alifariki mwaka 2004, na umri wake haukuwa umefika hata miaka 45.

Na wala si wa kwanza. Mwaka 1963 Kyu Sakamoto alishika nafasi ya kwanza Marekani kwa wimbo wa Kijapani, na Wamarekani hawakuelewa hata sentensi moja. Sisi tuliocheza Kihaya cha Saida Karoli bila tafsiri hatuna mdomo wa kumcheka binti yako.

Ila kaa naye, mama, umuulize: unajua unaimba nini? Mwambie atafute tafsiri, humo humo kwenye simu ipo. Huo wa Matsubara anauimba akitabasamu, akitingisha kichwa, na ndani yake kuna mwanamke anayemkumbuka mwanaume aliyempenda na mlango wa usiku wa manane. Akishajua ataamua mwenyewe kama bado anataka kutabasamu. Pengine ataimba vizuri zaidi. Na wewe mwenyewe nenda kwa jirani yako Mhaya ukaulize ulichokuwa ukikiimba tangu 2001. Wahaya watafurahi sana kukueleza, mpaka utatamani hukuuliza.

Nikiwa bado kwenye watoto: kuna akina mama wanaowafungulia wadogo wa chekechea nyimbo zilizojaa mambo ya chumbani, kisha wanawarekodi wakikata viuno. Mnakumbuka Novemba 2018 BASATA walipoufungia wimbo wa Mwanza wa Rayvanny na Diamond? Watu wa huku tulikuwa tumeshaucheza mpaka kwenye ubatizo. Sikusubiri serikali initajie kilichomo, masikio ninayo. Na wewe unayo. Ukishaelewa tafsida inasema nini, mtoto wako naye hayuko mbali kuielewa.

Sasa jambo ninalolionea uchungu kuliko yote, na hapa mnisikilize vizuri. Wapo wanaoniandikia shida za ndoa kwa maneno ya nyimbo. Dada mmoja wa huku kwenye mialo, mume anampiga, anachukua hata pesa ya biashara yake, naye ameniletea sentensi tatu zote nikazitambua. Zimetoka kwenye nyimbo. Penzi ni kuvumilia, mwisho atabadilika, watu wa nje wana wivu.

Mdogo wangu, mtunzi aliyeandika mistari hiyo alikuwa anatafuta vina. Hakukujua. Nyimbo za kuvumilia zipo kwenye Bongo Fleva, zipo kwenye taarabu, zipo hata kanisani, na nyingine ni nzuri mno. Mimi mwenyewe nikisikia Rose Muhando anavyopandisha, nasahau jiko linaungua. Iimbe, ulie, ujipanguse. Lakini ukimaliza kuimba, nenda dawati la jinsia pale polisi, au kwa mtendaji wa kata, au kwa mjumbe wako, ukaeleze kwa maneno yako mwenyewe, yasiyo na vina. Nilikwambia wimbo husema kwa niaba yako. Kuna siku unatakiwa useme mwenyewe.

Na mnaopenda nyimbo za hasira, za "simtaki tena", mnaoziweka status usiku wa saa sita ili mume azione: anaziona, anaelewa, ananyamaza, kesho yake mnakula mezani pamoja na mtu wa tatu ambaye ni wimbo. Kama una neno naye, mwambie. Status futa.

Nigusie sauti zenyewe, kwa ufupi. Wengi wenu mnafanya kazi kwenye karasha za kusaga mawe na kwenye mialo. Vumbi la mawe yale linaingia kooni, linashuka mpaka kwenye mapafu, na madhara yake hayaishii kwenye kuimba. Funika pua na mdomo kwa barakoa inayobana; kilemba kilicholegea hakikusaidii. Mnaokwangua magwangala, yale mabaki ya mawe ya mgodi, kwenye jua kali kutwa nzima, kunyweni maji kabla ya kiu. Siku ya kuimba usipige kelele asubuhi sokoni halafu ukategemea sauti jioni. Tangawizi ni tamu na haina ubaya, lakini haitengenezi sauti iliyochoka, kinachoitengeneza ni kunyamaza. Sauti ikikauka ikapita wiki tatu bila kurudi, nenda hospitali ya rufaa ukaangaliwe koo, usiendelee kubadilisha pipi. Na asiniletee mtu mfano wa Bi Kidude na sigara zake. Ndiyo, alivuta, na aliimba mpaka uzeeni, maonyesho ya muziki ya WOMEX yakampa tuzo mwaka 2005, akafariki Aprili 2013 jina lake likiwa limezunguka dunia. Bi Kidude alikuwa mmoja. Wewe una mapafu ya kawaida.

Nimebakiza binti wa miaka 19, anauza mgahawani, anaimba kwaya ya AIC, amejitungia wimbo kwa Kisukuma na Kiswahili. Ameambiwa na kijana mmoja mwenye studio kwamba atamrekodia bure, aje peke yake jioni. Anauliza aende?

Jioni na peke yako, hapana. Mchana na mwenzako, sawa. Mtu mwenye nia ya kurekodi hatasumbuliwa na shangazi yako aliyekaa kwenye benchi.

Kwaya usiiache. Waimbaji wengi wa kike unaowasikia walifunzwa mahali kabla ya kusikika. Nandy, Ruby, Mwasiti, Linah wamepita THT, nyumba ya vipaji aliyoijenga marehemu Ruge Mutahaba, na Nandy alikuwa ameshashindana karaoke ya Tecno mpaka Lagos mwaka 2016 kabla nchi nzima haijamjua. Zuchu alitambulishwa na Wasafi mwaka 2020, watu wakasema katokea ghafla; kumbe kakulia nyuma ya jukwaa la mama yake, Khadija Kopa. Kwaya yenu yenye mwalimu anayewagawia sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu inakufundisha bure kitu ambacho mjini wanakilipia.

Kisukuma usikitoe kwenye wimbo hata producer akikwambia hakiuzi. Kihaya kiliuza. Mwaka 2010 mwalimu mmoja wa chuo kikuu Marekani, Frank Gunderson, alichapisha kitabu kizima cha nyimbo za kazi za Wasukuma, za kulima, za kupura, za kusafiri. Watu wametoka mbali kuja kuzikusanya kwa bibi zako. Muulize bibi yako akuimbie za msimu wa kupalilia pamba, usikilize zinavyopokezana.

Kabla hujaingia studio, andika maneno yako kwenye daftari, weka tarehe, jirekodi kwa simu ukiimba bila ala, mtumie shangazi ili kuwe na ushahidi. Mkubaliane kwa maandishi nani mwenye wimbo, nani mwenye biti, na pesa zikija zinagawanywaje, hata kama mnaandika kwenye karatasi ya daftari na kusaini wote wawili. Kisha ukausajili COSOTA, ambao kazi yao hiyo imewekwa kwenye Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Mzee Inoue aliacha mashine yake bila kuiandikisha, akaishia kupewa tuzo ya kuchekesha watu mwaka 2004 wakati wenye viwanda wanahesabu mabilioni.

Ukishamaliza, peleka nakala Storm FM hapa hapa Geita kabla ya kuhangaika na nauli ya Dar es Salaam. Na mimi nitumie. Ukiwa na kijembe ndani yake, nitajie kabisa ni cha nani, nisije nikautunza nikiwa nimekaa naye meza moja.